Pete Iliyong'oka Mlingotini: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ghuba ya Winam

Mashua inayozungumziwa hapa ina urefu wa mita 7.3 na mlingoti mmoja wa alumini, na mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Kisumu aliyeinunua Kilifi akaisafirisha kwa lori hadi Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Alasiri moja, akirejea kutoka upande wa Kisiwa cha Ndere huku upepo ukimsukuma kutoka nyuma, pete iliyoshikilia mti wa kupanulia tanga la mbele iling'oka mlingotini pamoja na riveti zake zote nne. Mti ukaanguka sitahani, na mlingoti ukabaki na mashimo manne yaliyochanika. Hakuna aliyeumia. Mzee aliponiita nitazame, alikwisha kuamua kwamba dawa yake ni reli ndefu ya kufungwa mbele ya mlingoti, yenye kigari kinachopanda na kushuka, ya namna aliyoiona pwani kwenye mashua kubwa za wageni. Alitaka tu kujua aagize reli ya upana gani.

Reli ni kifaa kizuri, nami sina neno nacho. Lakini kabla ya kuchagua kifaa cha kufunga mlingotini ni lazima kujua ni nguvu gani iliyokipata kile cha kwanza, ilitoka wapi, na kama kifaa kipya kitakutana nayo tena. Katika kisa hiki nguvu iliyong'oa pete haikutokana na kukosekana kwa reli, na reli ile ile ingefungwa bila kurekebisha mengine, ingeweza kupata mkasa wa aina hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi.

Mti wenyewe una kazi ya wazi katika Ghuba ya Winam. Asubuhi upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na kuanzia mchana hugeuka ukavuma kutoka magharibi na kusini-magharibi, ukiingia ndani ya ghuba kuelekea Kisumu. Kwa hiyo anayetoka Kisumu asubuhi na kurudi alasiri hurudi akiwa na upepo wa nyuma karibu njia nzima. Upepo ukiwa nyuma kabisa, tanga kuu hulikinga tanga la mbele, nalo hulegea, hujikunja, hujaa kwa ghafla na kulegea tena. Dawa yake ya kawaida ni kulipeleka tanga la mbele upande wa pili wa mashua na kuisukuma nje pembe yake ya nyuma, pale inapofungwa demani, yaani kamba ya kulivutia tanga, kwa mti ambao mwisho wake mmoja umekaa mlingotini. Mti huo wa kupanulia ni mwembamba na mwepesi kuliko ule wa spinaka, ambao ni mnene, hulibeba tanga kubwa lenye umbo la puto, na kwa desturi una urefu unaolingana na umbali kutoka mlingoti hadi mguu wa waya wa mbele unaoushikilia mlingoti. Mti wa mzee huyu ni wa kupanulia, wa alumini, wa vipande viwili vinavyoingiana, kwa hiyo hurefushwa kutoka mita 2 hadi 3.6. Ana matanga mawili ya mbele: dogo la mita 9 za mraba ambalo pembe yake ya nyuma huwa mita 1.7 juu ya sitaha, na jenoa, yaani lile kubwa, la mita 14 za mraba ambalo pembe yake hukaa chini zaidi, mita 1.0 hivi. Siku ya tukio alikuwa na jenoa, na mti ulikuwa umerefushwa wote.

Tuanze na upepo. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi: katika joto la nyuzi 25, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1.03 hivi, ilhali pwani ni karibu kilo 1.18. Upepo wa kilomita 27 kwa saa, ambao ni wa kawaida alasiri, hulisukuma tanga lililokabiliana nao kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3.5 kwa kila mita ya mraba. Kwa jenoa lote hiyo ni kama kilo 50, na si yote inayofika kwenye ncha ya mti, kwa sababu pembe ya juu na ile ya mbele hubeba sehemu yake. Zaidi ya hayo, mashua inayokimbia na upepo huupunguza upepo unaolifikia tanga. Ikienda kilomita 9 kwa saa, tanga huhisi kilomita 18 tu, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa kasi, mzigo hushuka kutoka kilo 50 hadi kilo 22. Ndiyo maana safari yenye upepo wa nyuma huonekana tulivu na ya kustarehesha, na ndiyo maana mwenye mashua hujiona salama hata kifungo chake kikiwa dhaifu.

Kilichotokea siku ile ni kwamba mashua iliingia kwenye gugumaji. Anayeijua ghuba yetu anajua jinsi upepo wa alasiri unavyoyakusanya magugu hayo na kuyasukuma kuelekea Kisumu, na jinsi ubao mpana wa majani unavyoweza kukaa mbele ya mashua bila kuonekana hadi omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, iuguse, hasa tanga la mbele likiwa limetandazwa na kukuziba macho. Mashua ilipopungua mwendo ghafla, upepo uliolifikia tanga ulipanda kutoka kilomita 18 hadi kukaribia 27, yaani mzigo uliongezeka zaidi ya mara mbili kwa muda mfupi mno bila upepo wenyewe kubadilika hata kidogo. Pembe ya nyuma ya jenoa iliinuka, na ncha ya mti ikainuka nayo, kwa sababu hapakuwa na kamba ya kuizuia. Mti ulikuwa umeshikwa na vitu viwili tu, pete mlingotini na demani kwenye ncha. Haukuwa na kamba ya kuuinua wala kamba ya kuuteremsha.

Hapo ndipo umbo la pete ya zamani linapoingia, na ni sehemu ya kisa ninayoomba isomwe taratibu. Ilikuwa jicho dogo la bolti lililolehemewa kwenye kibati bapa, likisimama wima na kutokeza sentimita 6 hivi kutoka mlingotini. Ncha ya mti ina mdomo unaofungwa na pini ya springi, na mdomo ule ulilikumbatia jicho kwa ubavu. Jicho lililosimama wima huuruhusu mti kuyumba kushoto na kulia, lakini mti ukipanda au kushuka kwa pembe kubwa, mdomo hukwama dhidi ya chuma na kuacha kuzunguka. Tangu hapo mti si mti wa kusukumia tena, ni mtaimbo. Hesabu yake ni rahisi: ncha ikivutwa kuelekea juu kwa nguvu ya kilo 10 tu, kwenye urefu wa mita 3.6, na upande wa pili ukajiegemeza kwenye kibati ambacho riveti zake za juu na za chini zimeachana kwa sentimita 4, riveti za upande mmoja zinavutwa kwa nguvu ya kilo 900. Ziko mbili, kwa hiyo kila moja inavutwa kwa 450, na riveti ya alumini ya milimita 4.8 haifiki nusu ya hapo. Alumini ya mlingoti haikuwa mbovu. Fundi aliyepiga riveti zile alizipiga vizuri. Zilipewa kazi ambayo riveti ya kuvutwa haikuumbiwa, kwa kuwa uwezo wa riveti uko zaidi katika kuzuia vitu viwili visiteleze kuliko katika kuzuia visiachane.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichopendekeza hakikuwa cha kufunga mlingotini hata kidogo. Mti upewe kamba mbili: moja ya kuinulia, itokayo kwenye kapi lililo juu mlingotini hadi ncha ya nje ya mti, na nyingine ya kuteremshia, itokayo ncha hiyo hiyo hadi sitahani mbele ya mlingoti na kurudi nyuma anakokaa nahodha. Zikikazwa pamoja na demani, ncha ya mti imeshikwa pande tatu na haiwezi kupanda wala kushuka wala kuyumba. Kwa mti wa vipande vinavyoingiana ni muhimu kamba zifungwe kwenye ncha wala si katikati, kwa kuwa kamba ya katikati huupinda mti pale pale vipande vinapoungana. Urefu wenyewe nao una gharama. Uwezo wa mti kuhimili msukumo bila kupinda hupungua kwa mraba wa urefu, hivyo mti ule ule ukirefushwa kutoka mita 2.8 hadi 3.6 hupoteza karibu asilimia 40 ya uwezo huo.

Mzee aliuliza, na lilikuwa swali la haki, kama basi reli haingekuwa bora zaidi pamoja na kamba hizo, kwa kuwa matanga yake mawili yana pembe zenye kimo tofauti na reli ingemwezesha kupandisha na kushusha mwisho wa mti ulio mlingotini ili mti ukae mlalo kila mara. Kanuni anayoizungumzia ni ya kweli: mti unapofanya pembe mraba na mlingoti, karibu nguvu yote huingia mlingotini kama msukumo wa moja kwa moja, na skrubu hazipati kazi kubwa. Mti ukiinama, sehemu ya msukumo huo hugeuka kuwa nguvu ya kuiteremsha au kuipandisha pete. Suala ni kiasi gani. Pete ya zamani ilikuwa mita 0.8 juu ya sitaha, labda kwa sababu mkono huifikia kwa urahisi mtu akiwa amepiga magoti. Kwa tanga dogo, ambalo pembe yake iko mita 1.7, mti wa mita 2.8 ulilazimika kupanda kwa karibu nyuzi 19, na hicho ni kiasi cha kujali. Lakini pete moja tu ikiwekwa mita 1.4, tanga dogo litaupandisha mti kwa nyuzi 6, na jenoa, ambalo mti wake ni mrefu zaidi, litaushusha kwa nyuzi 6 vilevile. Kwa pembe hiyo, nguvu ya kuitelezesha pete ni sehemu moja ya kumi ya msukumo wa mti. Kuununua uhuru wa reli ili kuiondoa sehemu hiyo moja ya kumi ni kununua kitu ambacho mashua hii haina haja nacho, na kuutoboa mlingoti mara nyingi zaidi kwa ajili yake.

Msukumo wenyewe hautegemei ukubwa wa tanga peke yake. Hutegemea sana pembe kati ya mti na demani inayourudisha nyuma. Mti ukiwa umetandazwa ubavuni, demani huondoka kwenye ncha kwa pembe ya nyuzi 65 au 70, na msukumo unaoingia mlingotini hauzidi nusu ya mvuto wa tanga. Mti ukiachwa uende mbele, kwa mfano upepo unapohamia ubavuni na nahodha akataka kuendelea kuutumia, pembe hiyo hupungua: kwa nyuzi 30 msukumo huwa mara 1.7 ya mvuto, na kwa nyuzi 15 huwa mara 3.7. Nilimwomba mzee kwa dhati asiutumie mti huu mwembamba ukiwa umekaribia waya wa mbele. Upepo ukifika ubavuni, tanga la mbele halihitaji mti, na aliyeung'ang'ania atauona umepinda kabla pete haijapata nafasi ya kulalamika.

Kifaa kilichochaguliwa hatimaye ni pete isiyosogea yenye umbo la nusu duara lililolala, mfano wa mshikio wa droo uliogeuzwa mlalo, iliyokaa juu ya kibati kilichokunjwa kufuata mviringo wa mlingoti. Mdomo wa mti hulishika duara kwa chini, nao huteleza juu yake mti unapohama kutoka mbele kwenda ubavu wa kushoto au wa kulia, na mti ukipanda au kushuka mdomo huzunguka kwenye chuma cha mviringo bila kukwama. Pete za aina hii huuzwa na watengenezaji wa vifaa vya mlingoti kama Seldén wa Sweden, lakini hii ilitengenezwa Kisumu, na fundi wa Kibuye anayelehemu chuma cha pua kwa gesi ya arigoni, kazi yake ya kila siku ikiwa ni vishikio vya ngazi. Jambo moja la kuangalia kwa mafundi hawa hodari ni aina ya chuma, kwa kuwa vishikio vya ngazi mara nyingi hutengenezwa kwa chuma cha daraja la 201, ambacho hushika kutu upesi. Tuliomba 304. Kwa maji baridi hiyo inatosha, na kama mashua ingerudi Kilifi ningesisitiza 316. Nondo ya duara ni ya milimita 8, imetokeza sentimita 4 tu, na kibati kina kimo cha sentimita 10, ili hata mti ukijaribu tena kuwa mtaimbo, skrubu za juu na za chini ziwe zimeachana vya kutosha.

Kuhusu kufunga, ukuta wa mlingoti huu una unene wa milimita 3, na ukuta mwembamba kama huo hauna subira na skrubu nene. Skrubu ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, ina hatua ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, hivyo katika milimita 3 hupata nyuzi mbili na kidogo. M6, yenye hatua ya milimita 1, hupata tatu. M5, yenye hatua ya 0.8, hupata karibu nne. Kwa hiyo skrubu sita za M5 ni bora kuliko mbili za M8, ingawa mtu akiziona dukani atavutwa na ile nene. Mashimo yalitobolewa kwa keekee ya milimita 4.2 na kuchongwa uzi, yakapangwa kwa kupishana ili yasikae kwenye mstari mmoja unaouzunguka mlingoti, kwani mashimo yaliyopangwa hivyo ndiyo njia ambayo ufa huifuata. Henza za mashua hii, yaani kamba za kupandishia matanga, hupita ndani ya mlingoti, kwa hiyo skrubu zilikatwa fupi na ncha zake zikapigwa tupa, la sivyo zingezisaga kamba hizo polepole bila mtu kujua.

Chuma cha pua kikigusana na alumini mahali penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Maji ya Ziwa Victoria hupitisha umeme mara mamia chini ya maji ya bahari, na kwa sababu hiyo ulaji huo huku kwetu ni wa polepole, lakini mlingoti huu ulikaa pwani miaka mingi na chumvi yake imo ndani. Kati ya kibati na mlingoti tuliweka ngozi nyembamba ya plastiki, na kila skrubu ilipakwa lanolini, mafuta mazito ya sufu ya kondoo, kabla ya kuingia. Mashimo manne ya zamani, kwa kuwa yamechanika, hayakuachwa wazi: kingo zake zilikatwa mviringo ili kuzuia ufa kuendelea, kisha yakafunikwa kwa bamba la alumini lililokunjwa na kupigwa riveti pande zote. Bamba hilo halitabeba chochote isipokuwa kuurudishia mlingoti ukuta wake, na kwa kazi hiyo riveti ni kifungo kinachofaa.

Kuna hali ambazo ningeshauri reli bila kusita. Mashua yenye urefu wa mita 10 au zaidi huwa na mti mrefu na mzito kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba sitahani mawimbi yakiirusha, na reli ndefu humwezesha kuupandisha mwisho mmoja juu ya mlingoti na kuuegesha mti wima bila kuunyanyua. Anayebeba spinaka naye huhitaji kubadilisha kimo cha mti kulingana na nguvu ya upepo, kwani hapo kimo hulipa tanga umbo lake, na tofauti ya sentimita 30 huonekana. Reli pia husambaza mzigo kwenye skrubu nyingi ndogo, faida ya kweli kwa mlingoti mwembamba. Kwa mashua ya mita 7.3 yenye mti mwepesi ambao kijana wa mzee huubeba kwa mkono mmoja, faida hizo hazilipi gharama wala mashimo.

Katika matumizi, mzee amefunga uzi mwekundu kwenye kamba ya kuinulia mahali pawili, mmoja kwa tanga dogo na mwingine kwa jenoa, ili kimo cha ncha kiwe sahihi kabla tanga halijajaa. Tumekubaliana pia juu ya utaratibu wa mawingu ya alasiri, kwa kuwa ngurumo za ghuba hii huja na upepo wa ghafla unaoweza kufika mara mbili ya ule wa kawaida, na mara mbili ya kasi ni mara nne ya nguvu. Wingu jeusi likionekana nyuma, jenoa huviringishwa kwanza, mti ungali umeshikwa na kamba zake, na mti huondolewa baadaye ukiwa hauna mzigo. Anayeanza na mti akiacha tanga limejaa atakuta pini ya springi imekazwa na mvuto na haifunguki. Kila baada ya miezi michache pete hukaguliwa kwa kuishika na kuitikisa, na skrubu hutazamwa kama pembeni mwake pametokea unga mweupe, ambao ni dalili kwamba alumini imeanza kuliwa. Skrubu yenye unga huo hutolewa, husafishwa, hupakwa lanolini upya na kurudishwa.